Mifupa mibichi kwa watoto wa mbwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nazalisha mbwa hapa Arusha, na watu wanaochukua watoto kwangu hunipigia simu kuuliza mambo yaleyale, mara nyingi usiku, na mara nyingi mfupa ukiwa tayari uko mdomoni. Nimeyakusanya hapa ili tusirudie. Mimi ni mfugaji, si daktari wa mifugo, kwa hiyo palipoandikwa "mpeleke kwa daktari" usinipigie kwanza.

Msimamo wangu ni huu. Mfupa mbichi, laini, wenye nyama, wa mnyama aliyekaguliwa, ukiliwa mbele ya macho yako, ni chakula. Ukipikwa, au ukapasuliwa kwa shoka, au ukaliwa nyuma ya nyumba pasipo mtu, hiyo ni bahati nasibu.

## Mambo ya msingi

1. Mfupa wenye nyama ni upi hasa?

Ni ule ambao mbwa anaumaliza wote: anaupasua, anautafuna na kuumeza pamoja na nyama na gegedu iliyoushika. Shingo ya kuku ndiyo mfano wa kwanza. Nyama iwe walau nusu ya unachokiona. Mfupa wa paja la ng'ombe uliokwanguliwa hadi ukang'aa, ambao mwenye bucha anakuuzia kwa bei ya kutupa "kwa ajili ya mbwa", si chakula cha mtoto. Hana meno ya kuula, na hayo aliyonayo anaweza kuyavunjia hapo.

2. Anakula ugali na mapupu vizuri tu. Mfupa wa nini?

Wa kalsiamu. Nyama, mapupu na matumbo vina fosforasi ya kutosha na kalsiamu kidogo mno, na unga wa mahindi hauzibi pengo hilo. Mtoto anayekua akikosa kalsiamu kwenye chakula, mwili wake unaichota kwenye mifupa yake mwenyewe ili ile ya damu isipungue.

Matokeo yake nimeyaona zaidi ya mara moja. Mtoto wa miezi minne, mnene, manyoya yanang'aa, mwenyewe anajivunia jinsi anavyokula. Ila anachechemea, leo mguu huu, kesho ule. Miguu ya mbele imeanza kuingia matege na kiganja kinalala chini anapokanyaga. Siku moja anaruka kutoka barazani, kimo cha goti la mtu, na paja linavunjika. Nyumbani wanasema ametupiwa jiwe na majirani, kumbe ni sahani yake ya kila siku, mapupu bila mfupa.

Kutafuna nako kuna faida zake: meno yanakuwa safi na viatu vyako vinapona. Lakini hayo ni ya ziada.

3. Mbona daktari wangu amenikataza kabisa?

Ana sababu. Chama cha madaktari wa mifugo cha Marekani, AVMA, tangu 2012 kina msimamo wa kutoshauri mbwa kupewa vyakula vibichi vya asili ya wanyama, kwa ajili ya vijidudu kama Salmonella vinavyoweza kumfikia mbwa na watu wa nyumbani. Upande wa pili wako madaktari wa Australia, Ian Billinghurst na Tom Lonsdale, ambao tangu miaka ya 1990 wamekuwa wakiutetea mfupa mbichi kwa nguvu.

Daktari wako anakutana na yaliyoharibika. Mbwa aliyekula akalala salama hapelekwi kliniki. Hata hivyo hoja zake ni za kweli, na kama huna friji ya kuaminika au huna dakika 20 za kukaa na mtoto akila, fuata neno lake. Njia ya kufanya bila mfupa iko swali la 16.

4. Aanze akiwa na umri gani?

Meno ya utotoni, 28 kwa jumla, hutoka kati ya wiki ya 3 na ya 6. Wapo wanaowapa watoto shingo ya kulamba wakiwa bado na mama yao, wiki ya 4 au ya 5. Nilijaribu kwa uzao mmoja nikaacha. Watoto wanane na macho mawili, hujui nani amemeza nini.

Siku hizi nasubiri wiki ya 8. Kabla ya hapo wanapata kuku aliyesagwa na mifupa yake. Wewe uliyemchukua mtoto leo usimpe mfupa leo. Ameachana na mama, amesafiri kwenye boksi, tumbo lake linaweza kuharibika kwa hofu peke yake, na ukichanganya na chakula kigeni hutajua kilichomharisha. Mpe juma moja au mawili ya chakula alichozoea, hakikisha dawa ya minyoo na chanjo ya kwanza ameshapata, ndipo uanze.

5. Anang'oa meno. Nisimamishe?

Hapana. Kati ya miezi 4 na 7 anabadili meno hadi yafike 42, na damu kidogo kwenye shingo ya kuku ni ya kawaida. Baki kwenye mifupa laini tu, na usicheze naye kuvutana.

## Mfupa gani, wa mnyama gani

6. Nianze na upi?

Kuku wa broila: shingo, mgongo, na baadaye bawa. Broila huchinjwa akiwa na wiki chache tu, mifupa yake bado michanga, inapinda kabla ya kuvunjika. Jogoo wa kienyeji aliyekimbia uani mwaka mzima ana mguu mgumu, huyo mwache kwa mbwa mkubwa. Kuku wa mayai aliyezeeka ndiye ninayemwogopa zaidi, maana kalsiamu yake imekwenda kwenye maganda na mifupa iliyobaki inapasuka kama kioo.

Kanuni ninayowaambia watu: mfupa uwe mkubwa kuliko mdomo na laini kuliko meno. Mtoto wa mbwa mdogo anatosheka na shingo. Mtoto wa German Shepherd au Boerboel anaweza kuimeza shingo nzima kama kidonge, kwa hiyo mpe mgongo mzima alazimike kuubana chini kwa miguu na kuufanyia kazi.

7. Vichwa na miguu ya kuku?

Miguu ni mizuri, ina gegedu nyingi. Kata kucha na uioshe vizuri, na ile yenye kidonda cheusi chini ya wayo itupe. Mmoja kwa siku unatosha. Vichwa sipendi kwa watoto wadogo kwa sababu ya mdomo. Ukitaka kuvitumia, ukate kwanza.

8. Mbuzi, kondoo, ng'ombe?

Mbavu na shingo ya mbuzi mchanga zinafaa kuanzia miezi minne hivi, zikiwa zimegandishwa kwanza kwa sababu iliyoelezwa swali la 12.

Kwa ng'ombe kuwa mchaguzi. Mifupa ya miguu yote, paja, muundi na makongoro, achana nayo. Imeumbwa kubeba mnyama wa mamia ya kilo, na ni migumu kuliko jino. Jino linaloumia kwa kawaida ni gego kubwa la juu, lile la kukatia. Linapasuka ubavuni, halafu miezi baadaye unaona uvimbe chini ya jicho. Jaribu kwa ukucha wa kidole gumba: mfupa usioacha alama hata ukibonyeza kwa nguvu haufai.

Kuna na zile pete za uboho, paja lililokatwa kwa msumeno vipande vya duara. Nilimkuta jike wangu mdogo, miezi mitano, anazunguka ua akilia na kujisugua chini. Pete ilikuwa imepita juu ya meno ya mbele ya chini ikakaa nyuma ya chonge kama kola. Daktari alimlaza kwa dawa akaikata kwa msumeno mdogo. Tangu siku hiyo pete za uboho zinaishia kwenye supu yetu.

Cha ng'ombe kinachofaa ni kidari chenye gegedu, mbavu za ndama, na mkia uliokatwa kwenye maungo. Koromeo nalo ni tamu kwao, lakini ondoa nyama yote iliyoning'inia pembeni, maana huko ndiko iliko tezi ya shingo, na mbwa anayeila mara kwa mara anaingiwa na homoni za mnyama mwingine: anakonda, anakunywa maji kupita kiasi, hatulii.

9. Kitimoto?

Mbichi, hapana. Nyama ya nguruwe ina vimelea vyake. Na kama wewe au jirani anafuga nguruwe, mabaki mabichi yanayoburutwa na mbwa ni njia nzuri ya kusambaza homa ya nguruwe. Mbwa haugui, mabanda ndiyo yanayofutika.

10. Samaki, na mapanki?

Watu wa Mwanza huniuliza hili kila mara. Mapanki ya sangara yana nyama nzuri iliyobaki, lakini mifupa yake ni miiba na mapezi yake ni sindano. Yachemshe kwa presha hadi uti wa mgongo usagike kwa vidole, kisha ponda na uchanganye na ugali. Dagaa wakavu, walioloweshwa kutoa mchanga na wasio na chumvi, ni chanzo kizuri cha kalsiamu hata bila mfupa mwingine.

11. Na mifupa iliyobaki kwenye nyama choma?

Hapa ndipo wageni wanapoharibu. Mwenye nyumba amefuata masharti miezi mitatu, halafu Jumapili moja kila mtu mezani anamrushia mtoto ubavu mmoja "maskini, anatuangalia". Moto umekausha maji ya mfupa na kuharibu ule utando unaoupa unyumbufu, kwa hiyo unavunjika vipande vyenye ncha. Ongeza chumvi, pilipili, na kitunguu ambacho ni sumu kwa damu ya mbwa.

Mfupa uliopikwa wa kawaida, wa mchuzi, wa supu, wa kukaanga, wa kuchoma, wote hapana. Uliopikwa kwa presha muda mrefu mpaka unabonyea kama muhogo ndio pekee ninaoukubali, na huo unaupondaponda, humpi mzima.

## Minyoo, vijidudu na friji

12. Nasikia mbwa akila nyama mbichi ataleta minyoo kwa watoto. Kweli?

Kweli, na kwa mazingira yetu hili ndilo kubwa kuliko yote, ingawa watu huniuliza zaidi juu ya kukabwa.

Kuna mnyoo mdogo sana, milimita chache tu, unaoishi kwenye utumbo wa mbwa, jina lake Echinococcus granulosus. Mbwa anaupata akila mapafu au ini lenye vifuko vya maji, la kondoo, mbuzi, ng'ombe au ngamia. Yeye mwenyewe haonyeshi kuumwa. Mayai yanatoka na kinyesi, yanashika manyoya, vumbi, mboga, mikono, na mtu akiyameza vifuko vilevile vinaota ndani yake, mara nyingi kwenye ini au mapafu, polepole kwa miaka hadi tumbo livimbe. Turkana, kaskazini mwa Kenya, ilipata kujulikana kwa viwango vya ugonjwa huu vilivyokuwa kati ya vya juu kabisa duniani, na shirika la afya la AMREF lilianzisha mpango wa kuudhibiti huko mwaka 1983. Kwa wafugaji wa Kimasai kuna mnyoo mwingine wa mbwa, unaoleta kwa mbuzi na kondoo kile wanachokiita ormilo: mnyama anazunguka upande mmoja hadi anaanguka, kwa sababu kifuko kiko kwenye ubongo. Mbwa huupata akila vichwa vyao.

Kwa hiyo, mapupu na ini la mnyama yeyote kati ya hao, na vichwa vya mbuzi na kondoo, havipewi mbwa vikiwa vibichi, hata kama bucha ni ya ndugu yako. Chemsha mpaka ndani pabadilike rangi. Ukiona kifuko chenye maji kwenye ini, usikipasue na usikitupe shimoni ambako mbwa atachimbua. Choma moto.

Mifupa ya mbuzi na kondoo igandishwe kwanza. New Zealand, nchi ya kondoo iliyopigana na minyoo hii kwa miongo mingi, inamtaka mwenye mbwa agandishe nyama ya kondoo na mbuzi kwenye -10°C au chini zaidi kwa siku 10, au aipike. Mimi nafuata hiyohiyo.

Halafu dawa. Mtoto hupewa dawa ya minyoo wiki ya 2, 4, 6 na 8, kisha kila mwezi mpaka miezi sita. Dawa nyingi za bei nafuu zinaua minyoo ya mviringo tu. Tafuta kwenye pakiti neno praziquantel, ndiyo inayoua tegu. Mbwa anayekula vya buchani au anayezurura machinjioni apate hiyo kila wiki 6.

13. Nikigandisha si vijidudu vyote vinakufa?

Vimelea vya kwenye nyama vingi vinakufa, Salmonella na Campylobacter havifi vyote. Vinavyobaki vinalala tu, vikisubiri uyeyushe. Yeyushia ndani ya friji, kwenye bakuli lenye kingo, siyo juu ya sinki mchana kutwa. Umeme ukikatika hadi nyama ikawa vuguvugu, iliyobaki pika.

14. Nina watoto wadogo ndani. Niendelee?

Mbwa anaweza kutoa Salmonella kwenye kinyesi na mate wakati yeye mzima wa afya. Ukiwa na mtoto mchanga, mjamzito, mzee dhaifu au mtu ambaye kinga yake imeshuka, ninakushauri usilishe kibichi kabisa. Kuna swali la 16.

Kwa wengine: mfupa uliwe mahali pamoja, kwenye zege panapoweza kusuguliwa, siyo kwenye zulia. Osha mikono kwa sabuni, kisu na ubao wa mbwa viwe vya mbwa. Dada mmoja wa Tanga, mbwa wao ni wa ulinzi na nyumba ni ya Kiislamu, aliniuliza habari ya vyombo kwa sababu ya najisi. Walitenga bakuli na koleo vya mbwa, vikakaa nje na mlinzi. Sheria yao ya dini na usalama wa vijidudu vikakutana palepale.

15. Nimwambie nini mwenye bucha?

Uliza mhuri wa mkaguzi, kisha angalia anavyokata. Bucha nyingi bado zinatumia gogo na shoka, na shoka halikati mfupa, linaupasua. Unabaki na chembe nyembamba kama njiti zilizojificha ndani ya nyama. Mimi yangu yanaenda hivi:

"Kaka, hiyo shingo nikatie kwenye maungo. Kwa kisu. Usipige."

"Dada, si ya mbwa?"

"Ya mbwa, lakini mtoto."

Anacheka, ila anakata. Nyumbani napitisha kidole kila upande kabla ya kugandisha, na chochote kinachochoma kidole nakitoa.

Usikubali kibudu, mnyama aliyekufa mwenyewe, hata ukipewa bure. Maeneo ya wafugaji wa kaskazini kuna kimeta. Tena usimpe mbwa kondo la nyuma wala kijusi cha mbuzi aliyeharibu mimba, kwa sababu ya brusela.

## Kiasi na namna ya kulisha

16. Siwezi au sitaki kumpa mfupa. Kalsiamu ataipata wapi?

Osha maganda ya mayai, yakaushe kwenye oveni au sufuria kavu, saga mpaka yawe unga laini kama wa ngano. Kijiko kimoja cha chai kina karibu gramu 2 za kalsiamu. Kwa kila nusu kilo ya nyama isiyo na mfupa tia robo tatu ya kijiko hicho. Siku utakayompa mfupa, unga huo usitie.

17. Mfupa kiasi gani kwa siku?

Mfupa wenyewe, bila nyama, uwe kati ya asilimia 10 na 15 ya chakula. Tuchukue mtoto wa kilo 4, miezi miwili na nusu, anayekula kama gramu 300 kwa siku. Gramu 30 hadi 45 za mfupa zinamtosha. Shingo na mgongo wa kuku ni mfupa karibu nusu, kwa hiyo ni kama gramu 80, yaani shingo mbili za broila zilizochunwa ngozi, moja asubuhi na moja jioni. Kilichobaki ni nyama, ini kidogo lililopikwa, yai, ugali au wali, na mboga.

Hadi miezi mitatu gawa milo minne, halafu mitatu hadi miezi sita. Usimpe mfupa akiwa na njaa kali, atameza bila kutafuna. Kinyesi ndicho kipimo chako: kikiwa kigumu na cheupe punguza mfupa, kikiwa cha uji punguza mafuta na ngozi.

18. Anakula chakula cha mbwa cha dukani. Niongeze mfupa na DCP?

DCP, ule unga wa kalsiamu na fosforasi wa kuongezea chakula cha mifugo, hapana kabisa. Chakula kizuri cha watoto tayari kimepimwa kalsiamu. Watoto wa mbwa wakubwa, kabla ya miezi sita hivi, hawana uwezo mzuri wa kuikataa kalsiamu ya ziada. Utumbo unaifyonza tu, na viungo vinakua vibaya. Nimeona Boerboel aliyeongezewa DCP ya ng'ombe "ili awe na mifupa" akaishia na miguu iliyopinda kama yule wa ugali na mapupu wa swali la 2. Kwa mbwa anayekula chakula cha dukani mfupa ni burudani, mara moja au mbili kwa wiki.

19. Ananguruma nikimkaribia na mfupa. Nimnyang'anye ajue nani mkubwa?

Ukimnyang'anya unamfundisha kwamba hofu yake ilikuwa sahihi. Nenda na kipande cha nyama, weka karibu, ondoka. Baada ya siku kadhaa yeye ndiye atakayenyanyua kichwa kukutafuta. Siku ya kwanza mimi hushika upande mmoja wa shingo kwa koleo ya jikoni wakati yeye anatafuna upande wa pili. Anajifunza kutafuna na kuwa na mkono wangu karibu kwa wakati mmoja. Mbwa wawili hawali mfupa pamoja. Mmoja ndani, mmoja nje. Na watoto wa binadamu wakae mbali.

## Mambo yakiharibika

20. Kinyesi ni cheupe kama chaki na anajikamua.

Mfupa umezidi. Avuke siku mbili bila mfupa, mpe boga la kuchemsha na maji mengi. Akijikamua siku nzima bila kitu, akatapika, au ukaona damu, mpeleke kwa daktari. Mafuta ya kula usimmiminie mdomoni, yanaweza kuingia mapafuni.

21. Nitajuaje kwamba umekwama?

Anayekabwa kwenye njia ya hewa hana sauti, ufizi unageuka bluu, anaanguka. Huyo unamnyanyua miguu ya nyuma, kichwa chini, unafungua mdomo na kutoa unachokiona tu, bila kusukuma. Kisichoonekana, bonyeza kwa nguvu chini ya mbavu kuelekea mbele, mara nne au tano, ukiwa njiani kwenda kwa daktari.

Wa kwenye umio ni tofauti. Anapumua, lakini anameza mate mara kwa mara, mate yanachuruzika, ananyoosha shingo, anarudisha chakula na hata maji mara tu baada ya kumeza. Hii si ya kusubiri asubuhi. Kile tunachofanya sisi tukikwamwa na mwiba wa samaki, kumeza tonge la ugali, kwake ni hatari: unaukandamiza mfupa ndani ya nyama. Usimtapishe pia, maana kilichoshuka kwa shida kitachana kinaporudi.

22. Miguu ya nyuma imelegea tangu juzi. Ni mfupa?

Inawezekana, kwa njia ya mzunguko. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Melbourne uliochapishwa 2018 ulihusisha kuku mbichi na ugonjwa wa mishipa ya fahamu unaolegeza miguu ya nyuma kisha ya mbele, na mtuhumiwa ni Campylobacter. Walitaja hasa shingo za kuku. Wengi hupona kwa wiki au miezi wakitunzwa. Lakini hapa kwetu kulegea kuna sababu nyingine mbaya zaidi, kwa hiyo soma swali linalofuata kabla ya kumgusa.

23. Taya limening'inia, mate yanatoka, hawezi kumeza. Nimwingizie mkono nitoe mfupa?

Usiingize mkono. Picha hiyo, taya kulegea, mate, sauti iliyobadilika, macho ya kushangaa, ndivyo kichaa cha mbwa cha aina ya kimya kinavyoonekana, na mtu anaweza kuambukizwa akitafuta mfupa ambao haupo. Jiulize: kuna mtu aliyemwona akila mfupa leo? Ana chanjo? Mtoto wa chini ya miezi mitatu kwa kawaida bado hajachanjwa kichaa, na mbwa wa mtaani aliyempitia getini wiki kadhaa zilizopita huenda hukumwona.

Mfungie chumbani peke yake, toa watoto, mpigie daktari wa mifugo umweleze kila kitu kabla hajaja, ili naye avae glavu. Kama mate yameingia kwenye mchubuko, jicho au mdomo wako, au amekung'ata hata kidogo tu, osha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, halafu nenda hospitali siku hiyohiyo ukaanze chanjo. Usisubiri kuona kama mbwa atakufa.